Msuko wa Atuganile na Galaksi ya Mbali

Huko Tukuyu, penye mvua na migomba, aliishi mtoto aitwaye Atuganile.

Nywele zake zilisukwa kwa mzunguko, kuanzia utosini. Bibi ndiye aliyezisuka.

Zunguka, zunguka,
taratibu zunguka.

Kisha Mungu akamwita Bibi. Bibi akaenda.

Siku zikapita. Msuko ukachakaa.

"Atu, mwanangu, njoo nikufumue," alisema Mama. "Kichwa kimekuwa kiota. Ndege wakija kutaga?"

"Watage!" Atuganile akashika kichwa kwa mikono miwili. "Huu ni msuko wa Bibi. Ukiufumua, Bibi ataisha."

Mvua ikagonga bati, ta, ta, ta.

Kisha Mama akambeba hadi kwenye kalenda ya kanisa, ukutani. Palikuwa na picha ya mwanga mkubwa, wenye mikono inayojikunja.

"Kama kichwa changu!"

"Hiyo ni galaksi. Kila chembe ya mwanga ni nyota. Mungu peke yake ndiye ajuaye idadi. Katikati ni nyota za zamani, za manjano. Mikononi ni nyota changa, za buluu. Zote zinazunguka."

Zunguka, zunguka,
taratibu zunguka.

"Iko wapi, Mama?"

"Mbali sana. Mwanga wake ulianza safari kabla mtu yeyote hajazaliwa. Ndio kwanza unafika."

"Na bado iko hivi hivi?"

"Hapana. Imeendelea kugeuka. Lakini mwanga ukishatoka, haurudi. Unakuja tu."

Atuganile akaitazama picha.

"Na Bibi?"

"Bibi alinisuka nikiwa kama wewe. Sikuiona mikono yake. Niliisikia kichwani. Ndivyo nilivyojifunza kusuka kama yeye."

Atuganile akafikiri. Akafikiri tena.

Akaketi katikati ya magoti ya Mama.

"Fumua. Lakini taratibu."

Fu, fu, fu, msuko ukafumuka. Chozi la Atuganile likadondoka. La Mama pia.

Mama akaanza utosini.

Zunguka, zunguka,
taratibu zunguka.

Atuganile akafumba macho.

"Aaa! Mama! Umevuta hapa, nyuma ya sikio. Bibi alikuwa anavuta hapa hapa!"

"Hata mimi alinivuta hapo hapo," Mama akacheka. "Nililia mpaka jirani akaja!"

Wakacheka wote wawili. Wakasali. Wakamshukuru Mungu kwa Bibi.

Atuganile akalala.

Na usingizini, vidole vyake vidogo vikaanza kusuka matamvua ya blanketi.

Taratibu.
Taratibu.