Mashine Iliyojifunza Kurudi Nyuma

Mashuka ya gesti yalifika kila Jumatatu asubuhi. Yaliletwa kwa mkokoteni, yamefungwa fungu moja nene kama godoro. Taulo na foronya zilifuata kwenye gunia. Aliyepokea mzigo wote huo alikuwa Mama Povu.

Mama Povu alikuwa mfuaji. Jina hilo alipewa na majirani, kwa sababu kila walipopita uani kwake walimkuta na povu hadi viwikoni. Aliloweka, akafikicha, akasuuza, akakamua, akaanika. Halafu akaanza upya. Kazi hiyo ilikuwa imeilisha nyumba yake kwa miaka mingi, na aliipenda. Lakini mwaka huu mikono ilianza kumgomea.

Kwanza vidole vilikufa ganzi asubuhi. Kisha kifundo cha mkono wa kulia kikavimba. Siku moja kikombe cha chai kilimponyoka mbele ya wageni, kikapasuka. Mama Povu alicheka ili wageni nao wacheke. Moyoni hakuwa na kicheko hata kidogo.

Alikwenda zahanati. Muuguzi alimpa mpira mdogo laini.

"Uminye, mama. Kwa nguvu zako zote."

Mama Povu aliuminya. Mpira haukubonyea.

"Kinachokuumiza zaidi ni kukamua," muuguzi alisema. "Unasokota nguo nzito zilizojaa maji, kila siku. Ukiendelea hivi, utafika mahali hata kifungo cha blauzi utaomba ufungiwe."

"Na nikiacha kufua, tutakula nini?"

Swali hilo halikuwa na dawa pale zahanati. Muuguzi alimfunga bandeji tu.

Nyumbani alikuwepo mama mkwe. Alikuwa bibi wa maneno makali na nywele nyingi nyeupe. Kila Jumapili Mama Povu alimsuka. Mama mkwe alikaa chini, kichwa kwenye magoti ya mke wa mwanawe, na wote wawili wakasengenya mpaka msuko ukaisha. Sasa vidole vya Mama Povu havikuweza hata kugawa nywele. Jirani mmoja alijitolea kusuka. Mama mkwe alikataa katakata.

"Kichwa changu si uwanja wa mazoezi," alisema. "Nitamsubiri mwanangu huyu apone."

Akajifunga kitambaa kichwani, akasubiri. Wiki zikapita. Kila Mama Povu alipokiona kitambaa kile, roho ilimuuma.

Mumewe alikuwa fundi baiskeli. Watu walimwita Mbele kwa Mbele, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila jambo. Tairi limepasuka? Mbele kwa mbele. Mvua imeharibu paa? Mbele kwa mbele. Alikuwa mtu mwema, mchapakazi, ila akishapata wazo haambiliki.

Aliposikia maneno ya muuguzi, hakula. Alikwenda moja kwa moja kwenye karakana yake. Kwa siku kadhaa zilisikika nyundo na msumeno tu. Kisha akatoka akisukuma pipa kubwa la plastiki juu ya fremu ya chuma. Ndani ya pipa kulikuwa na vyuma vinne vilivyosimama. Nje kulikuwa na mpini, gia mbili na mnyororo wa baiskeli.

"Mke wangu," alisema, kifua mbele, "mikono yako imestaafu. Hii ni mashine ya kufulia."

"Ya kufulia au ya kusagia unga?" aliuliza mama mkwe.

"Mama, wewe tazama tu."

Alilijaza pipa mashuka mpaka juu kabisa. Akamwaga maji na sabuni. Akakamata mpini, akazungusha. Mnyororo ulilia kwa raha. Vyuma vilizunguka upande mmoja, kasi, kasi zaidi.

"Baba, punguza mwendo," alisema Mama Povu.

"Mbele kwa mbele!"

Pipa liliguna. Mpini ukawa mzito. Fundi aliuegemea kwa kifua chake chote. Ndipo ikasikika sauti ambayo kila mfuaji anaiogopa: *chwaaa!*

Walipofungua, mashuka yote yalikuwa yamejisokota kamba moja, nene kama mguu wa mtu. Ilibidi wayafumue kwa kuvuta mmoja huku, mwingine kule. Mashuka mawili yalikuwa yamechanika katikati. Na cha ajabu, tumbo la ile kamba lilikuwa bado na uchafu wake. Sabuni haikufika huko kabisa.

Mama Povu alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Machozi yalimtoka, na hakujaribu kuyaficha.

Mwenye gesti alikuja mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Aliyatazama mashuka yaliyochanika, akayakunja.

"Mama Povu, tumetoka mbali mimi na wewe. Lakini mgeni wangu halali juu ya viraka. Jumatatu nitaleta mzigo kama kawaida. Ukichelewa, au mashuka yakichanika tena, nitatafuta mfuaji mwingine. Usinichukie."

"Sikuchukii, dada," alijibu Mama Povu. Na kweli hakumchukia. Aliogopa tu.

Nyumba ya pili alikaa Mwalimu. Alikuwa mama wa makamo, akifundisha chuo cha ufundi. Alikuwa mteja wa Mama Povu pia. Jioni ile alikuja kuchukua mapazia yake, akaikuta ile mashine imesukumwa pembeni, na fundi ameketi kando yake kama aliyefiwa.

"Karibu kwenye msiba," alisema mama mkwe.

Mwalimu alilizunguka pipa. Alichungulia ndani, akaingiza mkono, akautoa haraka.

"Fundi, bolti hii ina ncha! Na chuma hiki kikishika kutu, kila shuka litatoka na madoa." Alizungusha mpini kidogo, akasikiliza mnyororo. Akacheka, lakini si kwa dharau. "Kazi yako ya chuma ni safi. Tatizo ni kwamba umetengeneza baiskeli, kisha ukaitia maji."

"Sasa kosa liko wapi?"

"Baiskeli inataka kwenda mbele. Nguo haina safari. Nguo inataka maji ya sabuni yapite katikati ya nyuzi zake, yaingie, yatoke na uchafu. Ukiizungusha upande mmoja tu, inajisokota. Ikijisokota, maji hayapiti. Halafu inachanika."

Fundi alijikuna kichwa.

"Kabla ya kujenga," Mwalimu aliendelea, "ulimuuliza mfuaji wa nyumba hii?"

Fundi alianza kujifuta grisi vidoleni.

"Amuulize nani!" alisema mama mkwe. "Huyu hata kuzaliwa alikuja bila kubisha hodi."

Mwalimu akamgeukia Mama Povu. "Dada, mkono unaweza foronya moja tu? Fua polepole. Na wewe fundi, sogeza kigoda. Usitazame foronya. Tazama mikono."

Mama Povu alisogeza karai. Alilowesha foronya, akaipaka sabuni, akaanza kufikicha. Mikono ilikwenda mbele, ikarudi nyuma. Iliminya, ikaachia. Iligeuza kitambaa, ikaanza tena. Mbele, nyuma. Povu lilitoka jeupe, kisha likawa la kijivu.

Fundi alitazama. Kwa miaka mingi alikuwa akipita kando ya karai lile asubuhi na jioni. Hakuwahi kuketi mbele yake.

Mwishoni Mama Povu alisokota foronya ili kuikamua. Ilikuwa foronya nyepesi tu. Hata hivyo, uso wake ulikunjamana, na akauma mdomo. Fundi aliona na hilo.

"Inarudi," alisema taratibu. "Mikono inakwenda, inarudi."

"Hapo hapo ndipo walipoanzia watu wa zamani," alisema Mwalimu. "Kabla umeme haujaingia majumbani, mashine za mwanzo za kufulia ziliendeshwa kwa mkono, na ziliiga mikono ya mfuaji. Nyingine zilikuwa sanduku lenye matuta ndani, unaliyumbisha kama unabembeleza mtoto. Nyingine zilikuwa pipa la mbao. Ndani yake palining'inia kitu kama kigoda cha miguu minne. Kigoda kinageuka nusu, kinarudi. Kinageuka, kinarudi. Nguo zinavutwa, zinaachiwa, wala hazijisokoti."

"Lakini mpini wangu unazunguka. Nitaufanyaje urudi?"

"Mpini acha uzunguke. Hebu geuka nyuma yako."

Nyuma yake palikuwa na cherehani ya mama mkwe, ile ya kukanyaga kwa mguu.

"Mama anaposhona, mguu wake unafanya nini?"

"Unakanyaga. Mbele, nyuma."

"Na gurudumu?"

"Linazunguka."

"Sasa anzia upande wa pili. Zungusha gurudumu kwa mkono."

Fundi alizungusha. Ile fimbo ya chuma inayounga gurudumu na kikanyagio ilipanda na kushuka. Kikanyagio kikayumba chenyewe, mbele na nyuma, hakuna mguu juu yake. Fundi alibaki mdomo wazi.

"Cherehani hii naitengeneza mimi mwenyewe!"

"Na bado inakwama," alisema mama mkwe.

Fundi alicheka kwa mara ya kwanza tangu mashuka yachanike. Alikuwa ameshasimama, tayari kukimbilia karakana. Mama Povu akamzuia.

"Ngoja, Baba. Sijamaliza. Muuguzi alisema kinachoniumiza zaidi ni kukamua. Mashine yako ikifua, kisha nikamue kwa mikono, nitakuwa nimepona nini?"

Fundi alirudi akakaa. Hilo nalo lilikuwa jambo jipya.

"Zamani walitumia magogo mawili membamba ya mviringo, yaliyolaliana," alieleza Mwalimu. "Unayazungusha kwa mpini. Nguo inapita katikati, maji yanabaki upande huu, nguo inatokea upande ule."

"Mbao ngumu itavunja vifungo," alisema Mama Povu.

"Nitaivika mpira," alisema fundi. "Tyubu za zamani ninazo tele. Na springi za tandiko la baiskeli zitayabana. Shuka nene likija, yanaachana kidogo. Foronya ikija, yanakaribiana."

Mwalimu alimtazama kwa furaha. "Hilo sasa nimejifunza mimi."

Safari hii fundi alijenga akiuliza. Vile vyuma vinne alivitupa. Alichonga kigoda cha mbao, akakipiga msasa mpaka miguu ikawa laini. Mama Povu alipitisha soksi juu yake, na palipokwama soksi, fundi alirudia. Kwenye gurudumu la mpini alifunga mkono mfupi wa chuma. Kwenye ekseli, chuma kilichokining'iniza kigoda ndani ya pipa, alifunga mkono mrefu. Akaunganisha mikono hiyo miwili kwa fimbo. Mpini ulipozunguka mzunguko mzima, kigoda kiligeuka kidogo, kikarudi. Ukingoni mwa pipa alifunga yale magogo mawili, yamevikwa mpira, na mpini mdogo wa kuyazungusha.

Mama Povu alichukua chaki, akachora mstari ndani ya pipa, juu kidogo ya nusu.

"Nguo na maji visipite hapa. Nguo zikisongamana hazifuliki. Na sabuni iyeyushwe kwanza kwenye maji. Na nguo zilowekwe kabla."

"Sawa, bosi," alisema fundi.

"Tujaribu na nini?" aliuliza Mwalimu.

"Na suruali yake," alisema mama mkwe. "Ikichanika, atatembea nayo yeye."

Suruali ile ilikuwa na grisi ya miezi. Walizungusha bila haraka. Ilitoka nzima. Grisi ngumu ilibaki kidogo magotini, na hapo Mama Povu alipaka sabuni ya kipande, wakarudia. Kisha ikapitishwa kwenye magogo. Maji yalimwagika, na suruali ikatokea upande wa pili, bapa, karibu kavu.

"Vidole mbali!" Mwalimu alisema. "Shuka likishaingia, liachie. Nenda ulipokee upande wa pili. Magogo haya hayajui shuka wala kidole. Na vifungo vikunjwe viwe ndani."

Jumatatu mkokoteni ulifika. Fundi hakufungua karakana asubuhi ile. Alisimama kwenye mpini mwenyewe. Mama Povu alitia mashuka machache machache, akiutazama mstari wake wa chaki. Kigoda kilikwenda, kikarudi. Maji yakageuka kijivu. Wakayamwaga, wakasuuza, wakapitisha kwenye magogo, wakaanza tena.

Kabla fungu halijafika nusu, fundi alikuwa ameloa jasho. Alisimama, akashika kiuno.

"Na haya yote ulikuwa unayafanya kwa mikono mitupu?"

"Yote."

"Miaka yote hii? Mbona hukuniambia?"

Mama Povu alikuwa akipokea shuka upande wa pili wa magogo. Hakuinua macho.

"Nilikuwa nafua mbele yako, Baba."

Fundi aliuacha mpini. Alimsogelea mkewe, akalipokea lile shuka zito mikononi mwake, akaenda kulianika mwenyewe. Alilianika limepinda. Mama Povu alilinyoosha, wakaendelea na kazi.

Mzigo ulirudi gesti kabla ya siku yake. Mwenye gesti alikagua shuka moja moja, mbele na nyuma.

"Jumatatu nitaleta na mapazia," alisema. Hayo tu.

Tangu hapo fundi aliendesha mpini kila asubuhi kabla ya kwenda karakana. Kila kazi ilipoisha, pipa liliachwa wazi na kigoda kikafutwa, mbao isioze. Mama Povu alirudi zahanati mara kwa mara. Mwanzoni mpira ulibonyea kidogo. Baadaye ulibonyea vizuri. Muuguzi alimwonya asifanye papara, kwa kuwa mkono ulioumia muda mrefu haurudi kwa siku moja.

Jumapili moja mchana, Mama Povu alikuwa amekaa kwenye kigoda uani. Mama mkwe alitoka ndani na kitana. Hakuuliza kitu. Alikaa chini mbele yake, akafungua kitambaa, na nywele nyeupe zikamwagika mabegani.

Mama Povu aligawa nywele kwa ncha ya kitana. Vidole vilitetemeka kidogo, lakini vilishika. Alianza mstari wa kwanza.

"Umepinda?" aliuliza mama mkwe.

"Umepinda kidogo, Mama. Nifumue?"

"Uache hivyo hivyo," alisema mama mkwe, akaegemeza kichwa kwenye goti lake. "Endelea. Na uniambie, yule mwenye gesti siku hizi anatembea na nani?"