Pumzi Chini ya Sakafu

Saa nne asubuhi kipimo kilianza kupumua.

Fundi alikuwa amepiga magoti kando ya cherehani, mdomo wa kipimo cha gesi ukiwa juu ya ufa wa sakafu. Namba zilipanda hadi thelathini, zikashuka hadi nne, zikapanda tena. Alikipiga kofi dogo. Wapi! Juu, chini, juu, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuziba nyumba zisiingiwe na gesi za ardhini. Mtaa huu ulijengwa juu ya jalala lililofukiwa zamani, na takataka zilizooza huko chini zilitoa hewa iliyopenya kwenye nyufa. Ikijaa chumbani huua. Ikikutana na cheche, hulipuka. Gesi aliijua kama kiganja chake. Gesi haipumui.

"Kichwa kilianza kukuuma lini, mama?"

"Mwezi wa saba huu," alisema mwenye nyumba, mshonaji mjane aliyeishi peke yake. Si yeye aliyemwita fundi. Aliyemwita ni dada yake, aliyekuja kumjulia hali akasimamishwa mlangoni na harufu ya mayai viza. "Ila hapo usipaguse, baba."

"Kwa nini?"

Mshonaji alishusha sauti, kana kwamba chumbani kuna mtoto amelala. "Hapo ndipo mume wangu anaponisemesha."

Fundi hakucheka. Alijua hewa mbaya huvuruga akili. Alimweleza hivyo kwa upole, akamwambia aende kwa dada yake siku tatu. Mshonaji alikubali kwa shingo upande, akafunga kitambaa chake kichwani.

"Akiuliza nimekwenda wapi," alinong'ona mlangoni, "mwambie sikumtoroka."

Fundi alibaki peke yake. Alifungua madirisha yote, akamwagia sakafu maji ili nyundo isitoe cheche; mashine ya umeme hakuthubutu kuiwasha humo. Akashika tindo na nyundo.

Pigo la tatu, harufu ikabadilika. Mayai viza yakapotea, ikaja harufu ya sabuni ya kipande na nguo zilizoanikwa juani, harufu ya shingo ya mkewe aliyemzika miaka miwili iliyopita.

"Magoti," sauti ikasema kutoka kwenye ufa. "Umekula?"

Nyundo ikamponyoka. Jina hilo lilikuwa la ndani ya nyumba yao tu. Mkewe alimtania nalo kwa sababu ya suruali zake zilizotoboka magotini, na tangu afe hakuna mdomo mwingine uliowahi kulitamka, wala hakuna aliyewahi kumuuliza kama amekula, hata siku ambazo alirudi nyumbani akala mkate mkavu amesimama, taa haijawashwa, kwa kuwa kumwashia taa mtu mmoja kulimtia aibu.

"Sijala," alijibu, na kabla hajajizuia shavu lake lilikuwa limeshagusa saruji.

"Basi lala kidogo. Nipo."

Macho yalikuwa yakijifumba, vidole vimekufa ganzi, na kwa mbali alisikia kipimo kikipiga kelele, na ndani ya zile kelele akasikia sauti ile ikicheka, si kicheko cha mkewe, bali kicheko kipana, cha vinywa vingi, kilichotembea chini ya sakafu kutoka ukuta hadi ukuta kikitafuta pa kutokea. Kicheko hicho ndicho kilichomwinua. Alitambaa hadi uani, akatapika.

Alirudi na barakoa ya gesi usoni na pamba masikioni. Kwa siku tatu alichimba, akalaza bomba chini ya sakafu, akatandika nailoni nzito, akamwaga zege, akalipandisha bomba hadi juu ya paa na kulitia feni ya kuvuta hewa. Alipomaliza, kipimo kilisoma sifuri.

Mshonaji alirudi. Kichwa kilipona, rangi ikamrudia. "Nyumba imekuwa kubwa mno," ndilo neno pekee alilosema.

Fundi alisema atapita kuikagua feni. Alipita wiki ile, na iliyofuata, kisha kila siku. Alipanda ngazi, akainama kwenye mdomo wa bomba.

Jioni moja sauti ikamwambia, "Feni hii inanitawanya, Magoti. Izime kidogo tu."

Mkono wake ulikuwa kwenye swichi.

"Fundi!" Mshonaji alikuwa amesimama chini, ameikumbatia ngazi kwa mikono miwili. "Shuka! Uko huko tangu adhuhuri. Unaongea na nani?"

"Na... nakagua tu."

"Mimi nilikagua miezi saba." Alikaza mikono kwenye ngazi. "Hakunipa kitu, baba. Alinichukulia tu usingizi. Ukiizima, anashuka kwangu. Shuka."

Fundi aliitazama swichi. Machozi yalimtiririka, naye hakuyafuta. Akaondoa mkono, akashuka ngazi moja baada ya nyingine.

Walikaa kwenye benchi la uani bila kugusana. Akamwambia kuhusu mkewe, kisha mshonaji akamwambia kuhusu mumewe, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi kila mmoja alijibiwa na mtu mwenye uso.

Kisha upepo ukageuka, ukateremka kutoka paani. Wote wawili wakakatiza maneno, wakainua vichwa. Wala hakuna aliyethubutu kumuuliza mwenzake amesikia nini.