Pango la Tembo, Bali

Jumamosi ile duka la simu la mtaa wa Point, Durban, lilijaa Wakongo na Warundi, kila mmoja akiipigia kelele nchi yake. Séverin, mpishi kutoka Uvira, alikuwa kibandani akiita "Alo! Alo!" mpaka msichana wa kaunta akamgongea kioo.

"Kaka, simu ilishakatika zamani. Unaongea na nani?"

"Na wewe sasa."

Msichana akacheka. Alivaa blauzi ya manjano, na nywele alizozisuka upya zilimwangukia mabegani. Aliitwa Spès, Mrundi wa Bujumbura. Tangu siku hiyo Séverin akawa na ndugu chungu nzima wa kupigiwa.

"Leo ni shangazi gani?"

"Wa Kalemie."

"Huyo si ulimzika wiki jana, chéri?"

Wakapendana. Jumapili walikula samosa za moto mtaa wa Overport, wakirudi wameshikana mikono, upepo ukimpeperushia Spès sketi. Hivyo mpaka siku Séverin alipofika dukani mapema akamkuta ameupa mlango mgongo, ameikumbatia simu ya Kigoma. "Vénérand je?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Hata aliyemwona hayupo?"

"Vénérand ni nani?" Séverin akauliza alipokata simu.

"Hilo niachie."

"Kumbe iko mwanaume mwingine?"

Spès akainamisha kichwa, akafungua daftari la simu. Hilo Séverin akalichukua kuwa jibu. Wiki hiyohiyo Mzungu mmoja alitafuta mpishi wa kwenda naye kuifikisha boti yake ya matanga Bali, kisiwa cha Indonesia. Séverin akapanda bila kuaga.

Walipofika, wenzake walikwenda kunywa. Yeye hakuwa na hamu ya watu. Alipanda gari la abiria mpaka hekalu la kale waliloliita Pango la Tembo. Mlangoni alifungwa kitambaa kiunoni kama kitenge, akateremka ngazi za mawe, akapita bwawa ambamo wanawake wa mawe walimwaga maji kutoka mitungi waliyoishika kifuani. Mbele yake, uso wa zimwi ulichongwa mwambani, macho yamelitoka, na mdomo wake ndio mlango. Wageni waliingia wawiliwawili. Séverin akaingia peke yake.

Ndani kulikuwa na joto na moshi wa ubani. Kushoto alikaa mungu mwenye kichwa cha tembo. Kulia yalisimama mawe matatu yaliyovishwa vitambaa. Mwanamke wa kule aliweka maua, akaanza kuomba kwa kunong'ona. Séverin, mtoto wa Kikatoliki, hakuelewa hata neno, lakini sauti aliitambua. Ndivyo Spès alivyouliza kwenye simu ya Kigoma. Haikuwa sauti ya mtu anayeongea na mpenzi. Ilikuwa ya mtu aliyepotelewa.

Akatoka mbiombio kutafuta simu.

"Spès, ni miye."

"Séverin! Uko wapi weye?"

"Bali. Nilikukosea, chérie. Nilipaswa kungoja uniambie. Nikirudi nataka nikuoe."

Kule Durban teksi ilipiga honi.

"Vénérand ni mume wangu," Spès akasema. "Alipotea vita vilipoanza. Miaka mitano nilimlia, halafu nikakupenda wewe, nikashindwa kukueleza. Juzi wamepiga kutoka Kigoma. Yuko hai, kambini. Hana mguu mmoja."

Séverin akaegemea ukuta. "Unaenda?"

"Ijumaa."

"Nawe unataka kwenda?"

"Usiniulize hivyo. Ungekuwa hapa ungenizuia?"

"Ningekuzuia."

"Ningebaki. Ndiyo maana namshukuru Mungu uko mbali."

Séverin akafumba macho. "Enda, Spès. Enda salama."

Aliporudi Durban alipata kazi kwenye ghala moja Mobeni. Jumamosi wenzake wakimwita waende Point kupiga simu nyumbani, huwaambia ameshapiga, wote hawajambo, halafu anabaki chumbani anasikiliza hatua zao zikiishia kwenye ngazi.