Mafuta ya Nazi Kwenye Vikanyagio

Mama yangu ni bibi shamba wa kata ya Ziwani. Sisi tunakaa Ufukoni, kwa hiyo kila siku ya kazi hupanda pikipiki asubuhi kwenda kuwatembelea wakulima wa korosho na mihogo. Jioni pikipiki hurudi na tope la kila shamba alilopita, na kila Jumapili kazi ya kuiosha ilikuwa yangu mimi, Vania. Niliifanya huku nikinung'unika kimoyomoyo.

Jumapili moja sikunung'unika. Siku mbili kabla, Ijumaa, Neema, tuliyekuwa naye darasa la sita, alisema mbele ya wasichana wenzetu kwamba pikipiki yetu inafanana na jembe lililosahauliwa shambani. Walicheka sana. Mimi pia nilicheka, lakini iliniuma, na Jumatatu Mama angenipeleka shuleni kwa pikipiki hiyohiyo.

Basi nilipomaliza kuosha, niliingia jikoni nikachukua chupa ya mafuta ya nazi. Nikapaka kila sehemu nyeusi niliyoifikia, isipokuwa kiti, maana kingemchafua Mama nguo. Nilivikazania zaidi vikanyagio, vile vipande vyenye mpira ambavyo dereva huwekea miguu, kimoja kila upande. Viling'aa kama viatu vya bwana harusi.

Asubuhi Mama alisema, "Leo imetakata, mwanangu. Ahsante." Shuleni Neema alitutazama, hakusema neno. Nilifurahi mno, na furaha yangu ilidumu mpaka saa nne.

Saa nne Mjomba Mauricio, kaka yake Mama, alikuja kuniita darasani. Mama alikuwa ameanguka karibu na Ziwani, penye mteremko, wakati mvua ikinyesha. Tulimkuta hospitali, mguu wa kulia umefungwa plasta ngumu mpaka chini ya goti.

"Nilikuwa nimesimama kwenye vikanyagio, kama kawaida yangu penye mashimo," Mama alieleza. "Mbuzi akakatiza. Nikataka kukanyaga breki, mguu ukateleza ukanitoka. Kuutafutia tena mahali, tayari nimo mtaroni."

Nilijua papo hapo. Ni yale mafuta yangu.

"Mguu hautelezi wenyewe, dada," Mjomba alisema. "Breki haikushika. Na Jumamosi nani alibadilisha breki ya nyuma? Si Mudi?"

Nilifungua mdomo, kisha nikaufunga.

Mudi ni fundi pikipiki, kijana mpole mwenye banda la mabati njiani kwenda shuleni kwetu. Mjomba hana sauti ndogo. Siku hiyohiyo alifika kijiwe cha bodaboda akawaambia madereva kwamba fundi Mudi nusura amuue dada yake. Kufikia Jumatano nilimwona dereva akikokota pikipiki iliyozimika, akalipita banda la Mudi kwenda kwa fundi wa mbali. Mudi alikuwa amekaa juu ya kreti, hana kazi.

"Vania, mama anaendeleaje?" aliniuliza.

"Hajambo," nilijibu, nikaongeza mwendo. Niliona aibu hata kumtazama. Siku hizo ugali ulinishinda.

Mtu mwenye akili angekwenda kusema. Mimi jioni ile niliiendea pikipiki, iliyokuwa imesharudishwa nyumbani, nikachukua mchanga na sabuni, nikavisugua vile vikanyagio mpaka vikapauka kabisa. Nilijiambia kwamba sasa yameisha.

Alhamisi Mudi alikuja nyumbani na mfuko wake wa spana. Aliomba ruhusa, akafungua gurudumu la nyuma mbele ya Mjomba. Alikagua breki kipande kwa kipande, akafunga. Akapanda, akasimama kwenye vikanyagio, akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Breki ilishika, na kiatu chake hakikuteleza. Nilisimama mlangoni nikiomba ardhi ipasuke.

Mudi aliingia ndani alipokuwa Mama ameketi, mguu juu ya mto. Mjomba nami tukamfuata.

"Mama Vania, nimetafuta kosa sijaliona," alisema akitazama chini. "Lakini umeanguka mara tu baada ya mimi kuishika hiyo pikipiki. Basi kosa lipo, ila mimi sina macho ya kuliona. Fundi wa namna hiyo ataua mtu. Naomba unisamehe. Nitafunga banda nirudi Nanyamba nikalime na baba."

Alikuwa mtu mzima, naye alikuwa anaona aibu mbele yetu kwa kosa langu. Na kosa hilo asingeliona hata angetafuta mwaka mzima, kwa sababu nilikwisha kulisugua.

"Si yeye, Mama," nilisema. "Ni mimi. Nilivipaka vikanyagio mafuta ya nazi ili ving'ae. Halafu jana nikavisugua ili mtu asijue."

Mjomba alikaa chini. Mudi ndiye aliyesema kwanza.

"Mafuta kwenye mpira, na mvua juu yake. Hapo hata mimi ningeanguka." Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi. "Ule mpira una mistari ili ushike kiatu, Vania. Watu hudhani dereva anajishikilia kwa mikono tu. Penye barabara mbovu, miguu ndiyo inayomshikilia. Mguu ukikosa pa kukanyaga, hata breki nzima haikusaidii."

Mama alinigeukia.

"Ulipopaka mafuta ulikuwa hujui," alisema. "Hilo ningekuelekeza, yakaisha. Lakini pale hospitali ulijua. Jana ulipochukua mchanga ulijua. Nenda kijiweni sasa hivi ukawaambie madereva kwa mdomo wako. Na wewe, Mauricio, ulimchafua Mudi kwa sauti kubwa, ukamsafishe kwa sauti hiyohiyo."

Mjomba alimwomba Mudi radhi palepale, kisha tukaondoka. Kijiweni palikuwa na madereva wanane. Niliwaeleza yote, mafuta na mchanga, macho yangu yakiwa kwenye ndala zangu. Mmoja aliguna, mwingine akatikisa kichwa. Mjomba akasema alimsingizia fundi mwema. Dereva mmoja, Shabani, aliwasha pikipiki yake.

"Mnyororo wangu umelegea tangu juzi," alisema. "Naupeleka kwa Mudi."

Tuliporudi nilimkuta Mama bado ameketi palepale.

"Umesema?"

"Nimesema, Mama."

"Uliona aibu?"

"Sana."

"Ilichukua muda gani?"

Nilifikiri. "Kama dakika tano."

"Na aibu ya kunyamaza umekaa nayo muda gani?"

"Tangu Jumatatu. Siku nne."

"Basi umejionea mwenyewe," Mama alisema. "Kila mtu hukosea. Lakini ukikosea ukanyamaza, kosa lako halikai kimya. Linakwenda kumkalia mwenzako ambaye hakufanya lolote. Siku zote nne ulizojificha, mwanangu, Mudi ndiye aliyekuwa anaona aibu yako."

Nilikaa karibu na mguu wake wenye plasta, nikalia.