Toleo Lililofika Ndau

Rafiki yangu Israa wa Lamu mjini alikuwa ndani ya eda, na kazi ya marehemu mumewe Fadhil ilimlemea. Ilikuwa programu ya bure ya kuonyesha saa za maji kujaa na kupwa. Ilikuwa na kosa, na mashua zilikwama mchangani. Israa alilirekebisha, akaandaa toleo la Windows na la Linux. Lakini kompyuta za manahodha zilikubali tu toleo lenye saini ya kidijitali ya Fadhil, na neno la siri la kuitia saini hiyo Fadhil alizikwa nalo.

Adhuhuri umeme ukakatika, vyumba vya ndani vya nyumba ya mawe vikawa giza. Kutoka chumba cha Fadhil vitufe vya kompyuta vilisikika vikibonyezwa polepole, kwa vidole viwili, alivyozoea yeye. Israa hakwenda kutazama. Alikuwa na watoto wa kulisha. Vitufe vikanyamaza, simu ikalia. Alikuwa nahodha Raiyan wa kisiwa cha Ndau.

"Bi Israa, toleo limefika, na saini ya Fadhil! Si ulisema haiwezekani?"

"Sijatuma kitu, Bwana Raiyan."

"Wacha mzaha. Saa zote zalingana na bahari. Ila mwisho wake ni Ijumaa hii."

"Mwisho vipi?"

"Baada ya Ijumaa maji hayajai wala hayapwi. Pameandikwa sufuri tupu."