Jini Lililosoma Daftari la Zebedayo

Harufu ndiyo iliyotangulia. Zebedayo alifungua duka lake pale Kyela mjini Jumatatu asubuhi, akanusa tope bichi la mtoni, kana kwamba mtu ametoka kuvuka Songwe akaja kusimama nyuma ya kaunta. Sakafu ilikuwa kavu. Alipofungua droo, ambayo ufunguo wake haukutoka mfukoni mwake, alikuta daftari limelowa pembeni, na chini ya mwandiko wake pana mstari mpya wa herufi za duara: Zebedayo, kitenge doti moja, si cha Yunis.

Yunis alikuwa mkewe. Na kweli kitenge hakikuwa chake.

Daftari lile lilikuwa la watu. Miaka ile bidhaa zilikuwa zimeanza kumiminika, na kila kona iliota duka. Zebedayo akaona atawashinda wenzake kwa kumjua mteja. Kila aliyeingia alimwandika: jina, kijiji, alichonunua, hata alichokishika akakirudisha. Wateja walidhani anaandika mali iliyobaki. Baadaye wengine wakagundua, wakaanza kumuuliza habari za jirani zao, naye akawa anawasomea.

Ndivyo alivyokuja Andendekisye wa Mwaya, na debe la mchele begani.

"Mke wangu kanunua nini hapa?"

Catheline alikuwa amenunua begi, tochi na kanga mbili, na akauliza magari ya Kasumulu yanaondoka saa ngapi. Zebedayo alijua, kama wote walivyojua, jinsi mwanamke yule alivyokuwa akipigwa. Akasoma, akapokea mchele. Siku ya pili Andendekisye alimwahi mkewe kivukoni, kabla hajafika kwa dada yake Karonga, ng'ambo ya mto. Catheline akajitupa mtoni kumkimbia. Ilikuwa masika, maji yamejaa. Walimwopoa kesho yake.

Sasa, mchana ule wa Jumatatu, duka likiwa limejaa na Yunis akipima sukari, sauti ya mwanamke ikatoka ndani ya droo, taratibu, kama anayesoma barua.

"Zebedayo. Jumamosi. Kitenge, kapelekewa Georgina wa Kasumulu."

Kopo la sukari likamponyoka Yunis. "Nani huyo anayeongea?" akanong'ona. "Baba Asifiwe, nani yumo humo?"

"Nyamaza. Ni redio ya jirani."

"Redio inakujua jina?"

Sauti haikukoma. Ikasema alichomwibia kaka yake, ikasema alivyomtukana baba yake siku ya kufa kwake, ikasema na mambo ambayo hakuwahi kuyatamka mbele ya mtu yeyote, na kadiri ilivyosema ndivyo harufu ya tope ilivyozidi, mpaka wateja wakafunika pua na kurudi kinyumenyume hadi barabarani, na Zebedayo akabaki ameikandamiza droo kwa mikono miwili huku maji ya baridi yakimchuruzika katikati ya vidole. Jioni Yunis alifunga mizigo, akachukua mtoto, akaenda kwao.

Mganga Anyitike aliletwa kutoka Ipinda. Alifukiza ubani, akalichoma daftari nyuma ya duka juani. Lilipokuwa majivu matupu, sauti ikaendelea pale ilipoishia, sasa ikitoka mgongoni mwa Zebedayo.

Mzee akaweka chini chetezo chake. "Mwanangu, hili ni jini la mtoni, na halikuja lenyewe. Limetumwa. Aliyelituma ndiye wa kuliondoa."

"Catheline amekufa, mzee."

"Ana mama."

Zebedayo alifika Mwaya kwa miguu, watu wakimpisha njia. Mama Veronika, mamake Catheline, alikuwa uani, anaanika mpunga kwenye mkeka.

"Ndaga, mama," akasalimu.

Akapiga magoti vumbini, akasema yote kwa kinywa chake: begi, tochi, kanga, saa ya gari, debe la mchele. Akalia. Mama aliendelea kutawanya mpunga kwa kiganja mpaka Zebedayo alipomaliza.

"Andendekisye alikuja juzi," akasema. "Alipiga magoti hapo hapo ulipo. Siku hizi amejiziba masikio kwa nta, lakini bado analisikia."

"Nisamehe, mama. Liondoe."

"Kuliondoa naweza. Nililiita pale mtoni, mkono wangu juu ya kifua cha mwanangu. Likaniuliza likae mpaka lini. Nikaliambia, mpaka nichoke."

Zebedayo akainua uso. Mgongoni mwake, kwa utulivu uleule, sauti ilikuwa imeanza kuwasomea siri zake wanawake waliosimama nje ya ua.

"Na sasa, mama?" akauliza. "Umechoka?"

Mama Veronika akamtazama kwa mara ya kwanza, macho makavu kabisa.

"Bado," akasema, akainama kuugeuza mpunga wake.