Njia Niliyoifunga kwa Kalamu

Alhamisi ile giza lilikuwa linaingia, nami nafunga chumba cha kupimia watoto. Naitwa Samira, nesi, mtu wa Tanga. Kyela nimeletwa na ajira. Jana yake nilipaswa kupeleka huduma ya mkoba Katumba Songwe, kupima watoto na kugawa dawa. Sikwenda. Kwenye fomu, penye sababu, niliandika kama tulivyozoea: *Road impassable*, yaani njia haipitiki. Kiingereza bwana! Ukiandika hivyo, bosi hakuulizi kama ulikwenda hata kuichungulia hiyo njia.

Sikuichungulia. Niliona mvua dirishani, nikanywa chai.

"Hodi, nesi..."

Alikuwa Georgina, mama wa huko huko Katumba, amembeba mwanawe Gwamaka. Harufu ya udongo mbichi ikaingia naye. Nje mvua inamwagika, kitenge chake kikavu.

"Umepitaje?" nikamuuliza. "Si njia imejaa maji?"

"Njia ipo, nesi," akanong'ona. "Tulikusubiri. Nipimie mtoto."

Nikampokea. Wa baridi... macho wazi, halii. Nikamvalisha suruali ya mizani, nikamtundika.

Mshale haukusogea.

Nikaigonga mizani. Nikamtoa, nikamtundika tena.

Sifuri.

Niligeuka kumwambia mama yake. Hayupo! Nilipotazama tena, suruali ya mizani ilikuwa tupu, inabembea.

Sikulala. Alfajiri nikapanda bodaboda kwenda Katumba. Matope yalikuwepo, ndiyo, lakini tulipita, tena bila hata kushuka. Nyumbani kwa Georgina watu walikuwa wamekaa chini. Msiba.

Mumewe, Anyelwisye, alinipokea kwa mikono miwili.

"Ndaga, nesi, asante kwa kuja. Mtoto alishikwa na homa Jumatatu. Nikasema tumpeleke mjini. Mama yake akasema tusubiri, nesi anakuja Jumatano, hajawahi kukosa. Jumatano jioni akatutoka. Tumemzika jana mchana."

Nililia mbele za watu. Waliniona mwenye huruma, wakanibembeleza, nami sikuwa na ujasiri wa kuwaambia nilichoandika. Hadi leo sijawaambia.

Nikaingia ndani kumpa pole mama. Alikuwa amelala mkekani, kafumba macho. Wanawake wakaniambia tangu juzi hajainuka hapo, wanamshika kwa zamu.

Aliposikia sauti yangu, akafumbua macho.

"Nesi," akanong'ona, "jana hukuniambia... Ana kilo ngapi?"